Neno "Zeruzeru" Lina Maana Gani?

Leo tunataka tusome pamoja neno moja tu. Ni neno ambalo kila mmoja wetu amelisikia tangu utotoni. Halina herufi ngumu. Hata aliyemaliza kisomo juzi analisoma bila shida: ze-ru-ze-ru. Lakini ni neno zito kuliko linavyoonekana.

Tueleze kwanza kwa nini tumelichagua. Siku moja tulikuwa tukifundisha kikundi cha wanakisomo katika kijiji kimoja. Somo lilikuwa silabi zinazojirudia. Tuliandika ubaoni maneno kama polepole, kizunguzungu na pilipili. Halafu, bila kufikiri sana, tukaongeza zeruzeru. Darasa zima likacheka. Mama mmoja tu hakucheka. Alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, na mtoto wake wa miaka saba hivi alikuwa amemlalia mapajani. Mtoto huyo alikuwa na nywele za njano na ngozi nyeupe yenye madoa ya jua.

Somo lilipokwisha, yule mama akatufuata. Akasema, "Mwalimu, hilo neno lina maana gani hasa? Mwanangu ananiuliza kila akitoka kuchota maji, kwa sababu ndilo analoitwa njiani. Mimi sina la kumjibu."

Tuliona aibu. Hatukuwa na jibu la kutosha, na sisi ndio tuliokuwa tumeliandika ubaoni. Tukamwomba atupe muda. Makala hii ndiyo jibu letu kwake, na kwenu nyote.

Kamusi zinasemaje?

Tuanze na kamusi. Kamusi ni kitabu kinachoeleza maana za maneno. Ukilitafuta neno zeruzeru katika kamusi za Kiswahili, utaona kuwa maana yake ni mtu aliyezaliwa na ngozi nyeupe kwa sababu mwili wake umekosa rangi. Basi, hayo tu. Wingi wake ni mazeruzeru.

Wako watu wanaosema kuwa zeruzeru maana yake ni mzimu, au kitu kinachofanana na mzimu. Maelezo hayo yameandikwa hata katika magazeti na vitabu vya nchi za nje. Lakini kamusi zetu hazisemi hivyo. Kamusi zinasema ni mtu. Habari ya mzimu imeongezwa na midomo ya watu. Neno ni kama mtungi. Likipita katika mikono mingi yenye uchafu, litachafuka hata kama mfinyanzi alilifinyanga safi. Kwa hiyo hatuwezi kusema, "Mbona kamusini si tusi?" Mtu anayeitwa hivyo barabarani haitwi na kamusi. Anaitwa na watu wanaomcheka.

Sasa tazameni jambo moja la ajabu katika lugha yetu. Neno kisu liko katika kundi la ki- na vi-. Tunasema, "Kisu kimeanguka." Neno kipofu nalo linaanza na ki-. Je, tunasema "Kipofu kimeanguka"? Hapana. Tunasema, "Kipofu ameanguka." Ni hivyo hivyo kwa kiziwi na kiwete. Neno zeruzeru nalo linafuata sheria hiyo. Wingi wake unaanza na ma-, kama magari na mawe. Lakini hatusemi "Zeruzeru limefika." Tunasema, "Zeruzeru amefika." Anayesema "limefika" anatukana, na kila mtu anajua kuwa ametukana.

Maana yake ni nini? Maana yake Kiswahili chenyewe kinajua kuwa huyu ni mtu. Wazee waliotuachia lugha hii walimhesabu pamoja na watu, wala hawakumhesabu pamoja na vitu. Sisi tusiwe nyuma ya lugha yetu wenyewe.

"Ana" na "ni"

Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza ngozi za watu. Mtu mwenye rangi nyeusi sana tunasema ni mweusi ti. Asiye mweusi sana tunasema ni maji ya kunde, kwa kuwa rangi yake inafanana na maji yaliyochemshiwa kunde. Hakuna anayeudhika kuitwa maji ya kunde. Wengine hupenda kusifiwa hivyo.

Yapo pia maneno ya maradhi ya ngozi. Mtu akitokewa na mabaka meupe mwilini, tunasema ana mbalanga. Mtoto akiwa na mabaka ya duara yanayowasha, tunasema ana choa. Angalieni neno ana. Linaonyesha kuwa mtu yuko kwanza, na hali ya ngozi inafuata. Mtu akiugua malaria tunasema, "Ana malaria." Hakuna anayesema, "Huyu ni malaria."

Lakini kwa mtoto wa yule mama tunasemaje? Tunasema, "Ni zeruzeru." Hapo ana imeondoka, na ni imeingia. Mtu mzima amemezwa na ngozi yake. Jina lake halitajwi tena, wala wazazi wake, wala akili yake, wala kazi anayoiweza. Tunaona ngozi tu.

Kwa sababu hii, siku hizi tunahimizwa kusema mtu mwenye ualbino. Hebu tulichambue neno ualbino kama tulivyozoea darasani. Lina sehemu mbili: u- na albino. Hiyo u- ndiyo ile ile tunayoiona katika uzee, ujana na ukoma. Inaonyesha hali. Mtu ana uzee. Mtu ana ualbino. Hali ni kitu ambacho mtu anacho, si yeye mwenyewe.

Neno "albino" limetoka wapi?

Neno albino si la Kibantu wala la Kiarabu. Ni neno la Kireno. Limetokana na neno la Kilatini, albus, lenye maana ya nyeupe. Mabaharia wa Kireno walizunguka pwani za Afrika kwa miaka mingi. Huko Afrika Magharibi waliwaona Waafrika waliozaliwa na ngozi nyeupe, nao wakawaita albino. Neno hilo likaingia katika lugha nyingi za Ulaya, Kiingereza kikiwemo.

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakakaa kwa karibu miaka 200. Walituachia maneno kama meza, leso, gereza na mvinyo. Lakini neno albino halikuingia kwetu pamoja na hayo. Lilitufikia baadaye sana, kupitia Kiingereza, kwa njia ya hospitali na shule.

Kwa hiyo albino nalo ni neno linalotaja rangi tu. Mreno aliona weupe, akautaja weupe. Kwetu lilikuja kwa sauti ya kitaalamu, bila kicheko, kwa hiyo wengi waliliona lina heshima kuliko zeruzeru. Mwaka 1978 wenye hali hiyo walipoanzisha chama chao hapa nchini, walikiita Chama cha Albino Tanzania. Siku hizi chama hicho kinaitwa Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania. Mnaona? Wenyewe wameongeza watu wenye. Hawakuongeza maneno hayo kwa mapambo.

Pengine mmesikia redioni maneno "walemavu wa ngozi". Anayeyatumia huwa na nia njema. Lakini maneno hayo hayaelezi jambo lote. Kwanza, ualbino hauishii kwenye ngozi. Unagusa pia nywele na macho. Pili, yako matatizo mengi ya ngozi ambayo si ualbino. Mtu mwenye makovu ya moto, kwa mfano, ngozi yake imeharibika, lakini hana ualbino. Kwa hiyo ni bora tutaje jambo kwa jina lake.

Maneno yaliyoleta vifo

Sasa tufike kwenye uchungu wa jambo hili. Kuna usemi wa zamani kuwa watu hawa hawafi, bali hupotea tu. Wengi wetu tuliusikia kwa bibi zetu. Usemi huo ulitoka wapi?

Tufikiri pamoja. Watu wengi wenye ualbino walikufa wakiwa bado vijana, kwa sababu jua liliwaletea saratani ya ngozi. Wazee wenye ualbino wakawa haba vijijini. Wengine walifichwa ndani na jamaa zao, wasionekane na wageni. Na kuna mahali ambapo mtoto wa namna hii aliuawa mara tu alipozaliwa, akazikwa kwa siri, na jirani wakaambiwa kuwa mtoto hakuishi. Mtu asipomwona mzee wao hata mmoja, na asipoona msiba wao, atasema, "Hawa hupotea." Kumbe hawakupotea. Walikufa kama tutakavyokufa sisi. Tofauti ni kwamba walikufa mapema, na wengine kwa mikono ya watu.

Mtu akishaamini kuwa mwenzake hafi, ni rahisi kuamini kuwa mwili wake una nguvu za ajabu. Ndipo wakaja waganga waongo. Waliwaambia watu kuwa kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta dhahabu machimboni, samaki ziwani na kura katika uchaguzi. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 habari za mauaji zilisikika sana, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Hadi mwaka 2015, waliohesabiwa kuuawa nchini Tanzania walikuwa zaidi ya 70. Wengine walikatwa mikono au miguu, wakabaki hai na vilema. Makaburi nayo yalifukuliwa. Katika miaka hiyo likazuka neno jingine la mitaani. Mtu mwenye ualbino akipita, wahuni walisema, "Dili hiyo!" Dili ni biashara ya kupata fedha. Binadamu akaitwa fedha huku anatembea.

Serikali ilichukua hatua. Watuhumiwa walikamatwa, wengine wakahukumiwa kifo na mahakama. Mwezi Januari mwaka 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Mauaji yakapungua. Lakini hayajaisha. Mwaka 2024 mtoto mdogo wa kike mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao wilayani Muleba, mkoani Kagera, akauawa. Nchi nzima ilisikitika.

Ndugu wasomaji, tazameni safari ya maneno haya. Lilianza neno la kucheka. Likafuata neno kuwa hafi. Likafuata neno dili. Mwisho ukaja panga. Hatusemi kuwa kila anayetamka zeruzeru ni muuaji. La. Wengi hulitamka kwa mazoea tu. Lakini muuaji anahitaji kijiji ambacho kimeshazoea kumwona mtu huyu kuwa si mtu kamili. Tusimwandalie kijiji hicho.

Kwa nini mtoto huzaliwa hivyo?

Yule mama alituuliza swali la pili kwa sauti ya chini: "Sasa kosa lilikuwa langu?" Mumewe alikuwa amemwambia kuwa amezaa na Mzungu. Mama mkwe alisema kuwa alimcheka mtu wa namna hiyo wakati wa ujauzito. Wengine walisema ni laana. Yote haya si kweli. Ukweli ni huu.

Ndani ya ngozi ya kila binadamu kuna chembe ndogo sana zinazotengeneza rangi. Rangi hiyo inaitwa melanini. Mtu mweusi ana melanini nyingi, na Mzungu ana kidogo. Kazi yake ni kama kazi ya paa la nyumba: inazuia jua lisiuchome mwili. Mtu mwenye ualbino naye ana zile chembe. Lakini chembe zake hazitengenezi melanini, au zinatengeneza kidogo sana.

Kwa nini hazitengenezi? Kila mtoto hupokea maagizo ya kuujenga mwili kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Wataalamu huyaita jeni. Kwa kazi ya kutengeneza rangi, mtoto hupata jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Ikiwa moja kati ya hizo mbili inafanya kazi, inatosha. Mtoto atakuwa na rangi. Zikiwa zote mbili hazifanyi kazi, mtoto atakuwa na ualbino.

Tulipokwenda tena katika kile kijiji, tulieleza jambo hili kwa maharage. Nanyi mnaweza kufanya hivyo nyumbani. Chukua vikombe viwili. Kimoja ni cha baba, kingine ni cha mama. Katika kila kikombe tia harage moja jekundu na harage moja jeupe. Harage jekundu ni jeni inayofanya kazi. Harage jeupe ni ile isiyofanya kazi. Baba ni mweusi, kwa kuwa ana jekundu moja. Mama ni mweusi, kwa kuwa naye ana jekundu moja. Hakuna anayejua kuwa wanalo jeupe. Wao wenyewe hawajui.

Sasa fumba macho. Chukua harage moja katika kila kikombe. Hayo mawili ndiyo mtoto. Yapo mambo manne yanayoweza kutokea:

1. Jekundu la baba na jekundu la mama. Mtoto ni mweusi.
2. Jekundu la baba na jeupe la mama. Mtoto ni mweusi, lakini anabeba jeupe.
3. Jeupe la baba na jekundu la mama. Mtoto ni mweusi, lakini anabeba jeupe.
4. Jeupe la baba na jeupe la mama. Mtoto ana ualbino.

Kwa hiyo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Halafu rudisha maharage vikombeni. Mimba inayofuata huanza upya. Ndiyo maana familia moja inaweza kupata watoto wawili wenye ualbino mfululizo, na nyingine ikapata mmoja kati ya saba.

Angalieni vizuri jambo la nne. Haliwezekani bila harage jeupe la baba. Kama baba hana harage jeupe, mtoto hawezi kuwa na ualbino, hata mama awe nani. Wanaume walipochota maharage wenyewe siku ile, darasa lilinyamaza. Mzee mmoja akavunja kimya. Akasema, "Kumbe miaka yote tumewasingizia wanawake." Hatukuwa na la kuongeza.

Na msidhani kuwa harage jeupe ni la watu wachache. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam katika miaka ya 1980 ulikadiria kuwa kati ya watu 1,400, mmoja ana ualbino. Katika nchi nyingi za dunia ni mmoja tu kati ya watu 17,000 au 20,000. Kwa makadirio hayo ya Dar es Salaam, karibu mtu mmoja kati ya 20 anabeba harage jeupe bila kujua. Katika mkutano wa kijiji wenye watu 200, huenda kumi wanalibeba. Anayecheka huenda ni mmojawapo.

Ualbino hauambukizi. Haupatikani kwa kupeana mikono, kula pamoja wala kulala kitanda kimoja. Tena hauharibu akili. Hauna dawa ya kuuondoa, lakini madhara yake yanazuilika.

Kumtunza mtoto mwenye ualbino

Jua ndilo adui mkubwa. Mambo ya kufanya ni haya:

- Avae kofia yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote, ili ifunike uso, masikio na shingo.
- Avae nguo za mikono mirefu, na suruali au sketi ndefu. Walimu wamruhusu kuvaa hivyo shuleni.
- Asikae juani tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Kazi za shamba azifanye asubuhi mapema au jioni. Nyumbani apewe kazi za kivulini.
- Apakwe mafuta maalumu ya kukinga jua sehemu zisizofunikwa, na arudie kila baada ya saa mbili akiwa nje. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando hulainisha ngozi tu. Hayazuii jua. Mafuta ya kukinga jua hutengenezwa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Ulizeni zahanati au kituo chenu cha afya namna ya kuyapata.
- Ngozi yake ichunguzwe mara kwa mara. Akipata kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, au uvimbe unaokua, apelekwe hospitali. Msingoje. Saratani ya ngozi ikiwahiwa hukatwa na kupona. Ikicheleweshwa huua.

Macho nayo yanahitaji msaada. Melanini husaidia jicho kukua vizuri. Mtu mwenye ualbino huona kwa shida mambo ya mbali, huumizwa na mwanga mkali, na macho yake huchezacheza. Watoto wengi wa namna hii wameambiwa kuwa ni wajinga, kumbe hawauoni ubao. Mtoto akae mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali. Aruhusiwe kuusogelea ubao. Apelekwe kupimwa macho. Miwani itamsaidia, ingawa haimalizi tatizo lote. Baraza la Mitihani hutoa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu. Wazazi wawaambie walimu mapema.

Mtoto akitunzwa hivi, anafika mbali. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa na Rais kuwa mbunge. Mwaka 2010 Salum Khalfani Bar'wani alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kuwa mbunge wao. Mwaka 2015 Abdallah Possi, ambaye ni mwanasheria, aliteuliwa kuwa naibu waziri. Wote watatu ni watu wenye ualbino. Walipokuwa watoto hakuna aliyejua watakuwa nani.

Basi tuseme nini?

Tukitaka kuitaja hali, tuseme ualbino. Tukitaka kumtaja mwenye hali hiyo, tuseme mtu mwenye ualbino. Wako wanaosema, "Hata albino mimi siudhiki." Huyo tumsikilize mwenyewe, kwa kuwa ni haki yake. Lakini mara nyingi hatuhitaji lolote kati ya maneno haya. Ukimwita jirani yako mwenye upara, humwiti "Upara." Unamwita baba fulani. Mtu mwenye ualbino naye ana jina. Ni mama fulani, ni mjomba, ni fundi, ni mwalimu. Tumwite hivyo.

Kubadili neno peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kusema "mwenye ualbino" kwa mdomo, na moyoni akasema dili. Ndiyo maana tumeeleza na sababu zake. Neno jema bila maarifa ni kama jembe bila mpini.

Sheria pia ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki zao. Na Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 13 Juni ya kila mwaka kuwa siku ya kukuza uelewa kuhusu ualbino duniani. Iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mkisikia mtu anaulizia mtoto mwenye ualbino anaishi wapi, na hamjui shida yake, mwambieni balozi, mwenyekiti wa kijiji au polisi siku hiyo hiyo.

Tumalizie kwa yule mama. Jibu letu ni hili. Mama, mwanao akikuuliza neno lile lina maana gani, mwambie ni neno la watu wasiojua. Mwambie ngozi yake haina rangi kwa sababu baba alimpa harage moja jeupe na mama akampa lingine, nanyi hamkujua. Mwambie avae kofia yake. Halafu mwite kwa jina lake, kwa sauti, ili majirani wasikie na walizoee.

Na sisi, siku ile tuliporudi, tulifanya jambo moja kabla ya kuanza somo. Tuliandika ubaoni majina ya wanakisomo wote na ya watoto waliokuja nao. Tukayasoma pamoja, moja baada ya jingine. Jina la mtoto yule lilikuwa na silabi tatu. Darasa zima lilisoma bila kukosea.

Maneno ya kujifunza

Ualbino: hali ya kuzaliwa na mwili wenye rangi kidogo au usio na rangi katika ngozi, nywele na macho.
Melanini: rangi ya mwilini inayokinga ngozi na jua.
Jeni: maagizo ya kuujenga mwili ambayo mtoto hupokea kwa baba na mama.
Mbalanga: mabaka meupe ya ngozi. Si ualbino, na hayaambukizi.
Saratani: ugonjwa wa uvimbe au vidonda vinavyokua na kusambaa mwilini. Huitwa pia kansa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kuna tofauti gani kati ya kusema "ana" na kusema "ni" unapoeleza hali ya mtu?
2. Kwa nini watu walisema kuwa wenye ualbino hawafi? Ukweli ni upi?
3. Fanyeni zoezi la maharage mara 20. Andikeni kila mara mmepata nini. Mmepata meupe mawili mara ngapi?
4. Je, katika kijiji chenu yupo mtoto mwenye ualbino? Anakaa wapi darasani? Ana kofia? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini?
5. Ni maneno gani mengine tunayowaita wenzetu kwa mazoea, ambayo sisi wenyewe tusingependa kuitwa?